Pointi Arobaini na Moja

Mwaka ule kano ya goti langu ilipokatika uwanjani, baba alinitengeneza upya ndani ya gemu la video, na sikujua mpaka niliporudi nyumbani kwa Sikukuu ya Shukrani, Novemba.

Kwetu ni Kokomo, Indiana. Baba, Vernon Stahl, alikuwa fundi kiwanda cha gia, na kabla sijaanza kusoma vizuri alikuwa ameshanifungia goli la kikapu juu ya mlango wa gereji. Nilipochukuliwa na timu ya chuo alizunguka mtaa mzima akiwa amevaa jezi yangu. Nilicheza mwaka mmoja na nusu. Halafu goti likaharibika, na Oktoba nikapasuliwa hospitali moja kule Indianapolis. Mama ndiye aliyekuja. Baba alinyimwa ruhusa kazini, aliniambia mama, na mimi nikamwonea huruma.

Siku ya sikukuu, bata mzinga akiwa bado kwenye oveni, niliteremka chumba cha chini kumsalimia. Nilishuka ngazi kwa makalio, moja moja, magongo nimeyakumbatia, maana goti lilikuwa halikunjiki. Huko chini kulinuka soksi na tumbaku. Baba alikuwa kwenye sofa, pedi ya gemu mkononi, chupa ya soda katikati ya mapaja. Alikuwa akitafuna tumbaku na kutemea ndani yake, na ilikuwa imejaa nusu, kahawia. Pembeni yake alikaa jirani yetu, Lowell Trimble, mstaafu wa posta, vidole vyake vina unga wa chungwa wa chipsi za jibini. Akawa anavifuta kwenye mto wa sofa.

"Kijana wetu huyo," Lowell alisema. "Njoo ujione."

Kwenye televisheni timu ya chuo changu ilikuwa ikicheza. Namba kumi na nne alikuwa na nywele nyekundu, na kidevuni kovu nililolipata nikiwa na miaka tisa, nilipoanguka na baiskeli. Lakini mimi nina futi sita na inchi moja. Yule alikuwa na sita na tano. Aliruka, akatumbukiza mpira kwa mkono mmoja, na watu wa kwenye gemu wakalipuka kwa shangwe.

"Baba, huyo ni mimi?"

"Ni wewe ukiwa mzima," alijibu bila kugeuka.

"Ungeiona fainali ya taifa, Clint," Lowell alisema huku akitafuna. "Ulifunga arobaini na moja. Mzee wako alilia, nakwambia. Machozi kabisa."

"Lini hiyo?"

"Si ni ile Jumanne uliyopasuliwa! Nikamuuliza, Vern, huendi hospitali? Akaniambia, kaa hapo, leo tunacheza fainali."

Baba alisimamisha mchezo. Alitema ndani ya chupa, akaifunga kizibo taratibu.

"Mama aliniambia ulinyimwa ruhusa," nilimwambia.

"Nilipewa. Nikafika mpaka kwenye gari." Alikuwa akiongea na televisheni. "Sikuweza, mwanangu. Nikuone umelala pale na mirija puani? Huku angalau ulikuwa unakimbia."

Lowell alijikohoza, akasema anakwenda kumwangalia mke wake, akapanda ngazi akiiacha pakiti ya chipsi wazi.

Angesema alikuwa baani, au amelala, ningeelewa. Lakini kichwani nilimwona waziwazi: mimi nafunguliwa goti kwa kisu, yeye yuko hapa ananirusha huku na huku kwa kidole gumba, analia kwa furaha, anagongana mikono na Lowell.

Nilimnyang'anya pedi. Nikatoka kwenye mechi, nikatafuta mahali mchezo ulipohifadhiwa, nikafika kwenye swali la kufuta. Ndiyo au hapana.

"Usimfute," baba alisema. "Clint, tafadhali. Hana kosa lolote huyo."

"Na mimi nina kosa gani?"

Macho yake yalikuwa kwenye kidole changu, kama mtu anayemwangalia mtoto wake ukingoni mwa barabara. Uso ule alikuwa nao kwa yule wa kwenye gemu, si kwangu. Nilitupa pedi juu ya ile chupa bila kubonyeza kitu, nikapanda ngazi kama nilivyoshuka. Hakuinuka kunisaidia.

Mama alikuwa akiponda viazi. Aliniangalia mara moja tu, akajua.

"Nilidhani ukijua utaumia," alisema.

"Kwa hiyo mkanidanganya wote wawili."

Mezani baba alikata bata mzinga, akaniwekea kipande cha kidari kwa vidole vilevile vya tumbaku. Nilikisogeza mpaka ukingoni mwa sahani. Sikula. Asubuhi yake mama alinirudisha chuoni.

Februari mama alinipigia simu. Alisema yule wa kwenye gemu alikuwa amemaliza miaka yake minne na kuhitimu, na gemu likamtoa kwenye timu. Baba alinuna siku mbili, hakugusa chakula. Siku ya tatu akamtengeneza tena, akamwanzisha mwaka wa kwanza.

Nilikuwa kwenye foleni ya mazoezi ya goti.

"Daktari anasemaje?" mama aliuliza. "Utacheza tena?"

"Amesema nitatembea vizuri tu."

Akavuta pumzi.

"Basi tusimwambie baba yako," alisema.