Kidole cha Mwantumu

Mambo yaliharibika Alhamisi, tarehe nane Mei 2025, saa nne asubuhi, pale mashine ya alama za vidole ilipokataa gumba la mzee Mdoe mara ya tatu.

Wastaafu wa Korogwe walikuwa wameitwa kuhakikiwa. Wakubwa walikuwa wametangaza kwamba fedha za pensheni zinapungua, huenda zisifike mbali, kwa sababu wafu nao wanalipwa. Mdoe alisonya. "Wafu! Mfu gani anajenga ghorofa? Wamekula wenyewe, sasa wanasingizia makaburi."

"Usibishe sana," Dunstan, jirani yake wa Manundu, alimtania kutoka nyuma ya foleni. "Ulivyokonda hivyo, watakuhesabu hukohuko."

Watu wakacheka. Mdoe hakucheka. Alikuwa analitazama gumba lake, laini kama mgongo wa kijiko. Ujana wake aliumalizia kukata mkonge Ngombezi, kabla serikali haijamwajiri kufyeka barabara. Mkonge ulikwisha kula alama zote za vidole.

Tena alijua jambo ambalo Dunstan hakulijua. Mwaka aliostaafu, siku ya kuandikishwa, gumba lilikataa vilevile. Karani akatoka nje kupokea simu. Mwantumu, mkewe, aliyekuwa amemsindikiza, akachungulia mlangoni, akabandika la kwake. Mashine ikalia, ikapokea. Njiani mwanamke alicheka mpaka akashika mbavu. "Haya baba, pensheni yako iko mkononi mwangu. Niletee mke mwenza uone, mtakula majani!"

Miaka iliyofuata, badala ya kidole, ilitosha barua ya mtendaji wa kata. Mwaka jana, wakati wa masika, Mwantumu akafariki. Ndugu zake wakamzika kwao Handeni. Mwaka huu mashine imerudi.

"Jaribu tena, babu," alisema Joyceline, karani, binti mwenye adabu. "Isiposoma, mwezi huu malipo yatasimama."

Mdoe akabandika. Safari hii alihisi gumba jingine juu ya lake, lina joto, linakandamiza taratibu. Ikamjia harufu ya tangawizi, ile ya chai aliyokuwa akiuza Mwantumu stendi. Aligeuka haraka. Nyuma yake alikuwapo Dunstan tu, anapiga miayo.

Mashine ikakataa.

Joyceline akaikazia macho kompyuta, akashusha sauti. "Babu, humu kuna alama nzuri kabisa, imekaa vizuri. Ila siyo yako."

Mdoe akapiga hesabu. Akisema kweli, wale wakubwa watakuwa wamempata mfu wao, na mfu mwenyewe ni Mwantumu, ambaye hakuwahi kuiba hata kuni za shamba la watu. Akinyamaza, atakula nini?

Joto lile bado lilikuwa juu ya kucha yake, halitoki.

"Babu, unanisikia?" Joyceline aliuliza. "Hiki kidole ni cha nani?"