Dada Saba wa Mzee Anselimu

Nakutegea, wewe unayesoma, wala usikimbilie kujibu: dada saba, mama mmoja, wanashinda majini kutwa na kuoga hawajui. Ni akina nani? Ukishindwa nipe mji, ila Babati usinipe. Huo tunao tayari.

Bibi Natalia wa Nakwa, kijiji cha kando ya ziwa, ambaye kwa vitendawili hakuna wa kumshika, hiki kilimshinda. Na alikuwa nacho ndani ya nyumba miaka arobaini na mbili.

Asubuhi hiyo mumewe, Mzee Anselimu, alikwenda kuangalia mbaazi zake, akasahau simu mezani. Ikalia. Natalia akaibonyeza kama wajukuu walivyomfundisha, ukafunguka ujumbe wa sauti wa Sadallah, yule mtoto wa muuza nguo wa sokoni aliyeingia jeshi la majini siku moja na Anselimu, kisha akabaki pwani moja kwa moja.

"Anselimu ndugu yangu, wale dada zetu saba nimewatafuta, habari zao zote ninazo. Keti kwanza. Sabaha alizama. Rahma walimkatakata wakamuuza kwa kilo. Sabrina kabadilishwa jina, kapakwa rangi nyeupe, anatembeza Wazungu. Joyce anabeba saruji, maskini, kwa umri ule. Wale wawili wadogo waling'olewa viungo wakapewa wenzao. Ila Rose wako, bwana! Rose kalala zake, katulia, na watoto alio nao hawahesabiki. Nipigie."

Natalia akakaa. Akasimama. Akakaa tena, safari hii juu ya ungo wa maharage.

Rose ni binti yao wa kwanza. Alipozaliwa, Natalia alitaka aitwe jina la mama yake Anselimu, kama watu wote wafanyavyo. Anselimu, aliyekuja likizo na begi lake la jeshi, akasema hapana, huyu ni Rose. "Rose ni nani kwenu?" Natalia akamuuliza. Mume akatazama vidole vya miguu. Swali likabaki hapo hapo, na tangu siku hiyo ni shikamoo Mama Rose, karibu Mama Rose, kuanzia Nakwa mpaka Singe. Kumbe miaka yote hii anaitikia jina la mwanamke mwingine?

Jirani yake Rogathe alipokuja kuomba chumvi alimkuta anachochea moto usio na chungu.

"Mama Rose, leo tunakula moshi?"

"Usiniite hivyo."

"Nikuiteje sasa?"

Natalia akamsikilizisha ule ujumbe. Rogathe alisikiliza mara mbili, kiganja mdomoni.

"Wamemkata mtu wakamuuza kwa kilo! Hii ni ya polisi."

"Polisi watangoja. Hao watoto wasiohesabika ni wa nani?"

"Hapo ndipo penyewe. Kasema Rose wako. Hakusema Rose wetu."

"Na huyu aliyepakwa rangi nyeupe?"

"Ah, huyo anajichubua tu."

Saa sita Anselimu akarudi na kapu la mbaazi mbichi. Natalia hakumpokea kapu, wala kofia.

"Nakutegea."

"Tega," alisema mzee, akitabasamu.

"Dada saba. Mmoja kazama, mmoja kauzwa kwa kilo, mmoja ana watoto wasiohesabika. Ni akina nani?"

Kapu likaanguka. "Nani kauzwa kwa kilo? Siyo Rahma?" Macho yakamjaa machozi.

"Unamlilia mbele yangu!"

"Mama Rose, hizo ni boti!"

"Boti?"

"Boti za doria. Zilikuwa saba, za kiwanda kimoja, zimefanana kama mayai. Serikali ilizipa namba, sisi tukazipa majina. Mimi nilikuwa kwenye Rose."

"Usinifanye mjinga. Nimeishia la saba, lakini hili mwalimu alinichapa mpaka likaingia: boti imezama. Imezama! Huyu kasema alizama. Kasema kalala. Ana watoto!"

"Kule tulizisema kama watu. Kitu kilichobeba roho yako, utasema 'imezama'?"

Rogathe, ambaye chumvi alishaipata zamani na hakuondoka, akauliza kutoka mlangoni, "Na watoto?"

Ikabidi Sadallah apigiwe. Alicheka mpaka akakohoa. "Samaki, shemeji! Walimzamisha makusudi, samaki wapate pa kuzalia. Sasa ni wadi ya wazazi kule chini!"

Rogathe akaenda zake na chumvi yake, uso umemshuka.

Natalia alitamani kucheka, lakini kichwa kilikuwa kimezidi kuzunguka. Mke mwenza wa nyama angejua la kumfanya. Wa chuma je?

"Haya, boti," alisema. "Lakini jina la mama yako uliliacha, mwanangu ukampa la boti. Nilikuuliza, Rose ni nani kwenu? Mpaka leo hujanijibu."

Anselimu akainama, akaanza kuokota mbaazi moja moja. Kutoka upande wa ziwa, kiboko akakoroma.

"Unamsikia?" mzee akauliza. "Kwa kuwaogopa hao, mtoto gani wa Nakwa alijifunza kuogelea?"

"Hakuna."

"Basi. Siku ya mtihani wa kuogelea, Sadallah aliingia majini mara mbili. Mara ya pili aliingia kwa jina langu." Hakuinua uso. "Kisha siku moja injini ikazimika katikati ya bahari, maji yanaingia. Wenzangu wanavua viatu, mimi nimekumbatia mlingoti, barua yako ya mimba iko mfukoni. Nikamwambia Rose, ukinifikisha, huyo mtoto ni wajina wako. Akanifikisha. Ningekujibuje, na wewe soko zima umeshalitangazia kwamba umeolewa na baharia?"

Akaweka mbaazi ya mwisho kapuni.

"Unauliza Rose ni nani kwetu. Kwetu, Mama Rose, ndiye peke yake aliyejua kuogelea."