Tyubu Laiti Iliyokuja Kumjulia Hali Nyamizi

Usiku wa jana niliota tyubu laiti, ile taa ndefu nyeupe ya sebuleni kwangu, imeshuka darini, imezunguka nje, na sasa inapiga hodi mlangoni kama mgeni. Ni saa nane mchana. Imebeba machungwa manne kwenye mfuko.

"Hodi wenyewe."

"Karibu," nikasema, maana ndivyo mtu anavyosema.

"Nimekuja kumjulia hali mgonjwa."

Mgonjwa ni binti yangu Nyamizi, ana miaka ishirini na saba. Alikuwa keshia wa duka kubwa hapa Tabora mjini, mpaka alipopatwa na ugonjwa wanaouita MS. Daktari alinieleza kwamba mwili wenyewe unachuna ganda la mishipa ya fahamu, inabaki kama waya uliochunika. Akasema taa nyingine, hasa hizi nyeupe zinazopepesa, zinamuumiza macho na kichwa mpaka anaishiwa nguvu. Mimi nikaitikia, ndiyo daktari. Tukarudi nyumbani, na kila mgeni aliyekuja nikawasha taa, kwa sababu ukimweka mgonjwa gizani watu husema unamficha.

Nyamizi alikuwa chumbani, kofia ameivuta mpaka puani. "Mama, mwambie nimelala."

"Mwanangu, mgeni ametoka mbali."

"Ametoka darini, Mama."

Nikaona ni kweli, lakini machungwa nilikuwa nimeshayapokea.

Tyubu ikaingia. Haikukaa, maana haikunjiki. Ikasimama upande wa kichwani, inavuma kama inavyovuma siku zote. Nikageuka kuchukua kigoda, na niliporudi chumba kimekuwa lile duka. Kitanda cha Nyamizi kipo katikati ya mchele na sabuni. Darini hakuna taa hata moja. Zote zimeshuka, ziko arobaini, zimepanga foleni kumpa mgonjwa pole.

"Pole," inasema ya kwanza, inapepesa.

"Pole," inasema ya pili, inapepesa.

Chini ya shuka zimetokeza nyaya nyembamba mpaka sakafuni, zimechunika, vilevile alivyosema daktari. Taa zinazikanyaga bila kuangalia. Napiga magoti, nachana kanga yangu ya zamani, nazifunga. Nikifunga mmoja, mbili zinachunika.

"Mama," anasema Nyamizi, taratibu tu, "sasa hivi sina miguu. Ngoja. Haya, ipo. Haipo tena."

Natazama. Taa zikipepesa, miguu yake inawaka na kuzimika pamoja nazo.

"Anadeka huyu," ikasema tyubu yangu. "Mwanga haujawahi kuua mtu."

"Maneno hayo umeyatoa wapi?"

"Kwako. Nimening'inia sebuleni miaka sita. Nasikia."

Ni kweli, niliyasema mimi. Kina mama wenzangu, naandika haya ili nanyi msije mkaulizwa mkakosa jibu. Mtoto akisema taa inamuumiza, usimwambie anadeka. Huoni huo mwanga kwa macho yake.

Ukutani swichi ikakohoa. "Mama Nyamizi, mimi nangoja neno lako tu."

"Nikimfukuza mgeni watu watanisemaje?"

"Watu gani?"

"Mama Kashindye, jirani yangu."

"Yupo hapa?"

Nikaitazama foleni kutoka mwanzo hadi mwisho. Mama Kashindye hayupo. Zipo taa tu, na mtoto wangu. Miguu ikazimika tena. Nikahesabu. Nimefika kumi na moja haijarudi.

Tangu niolewe sijawahi kumfukuza mgeni. Nikasimama mbele ya tyubu, nikairudishia machungwa yake.

"Umetuona, tumeshukuru. Sasa ondoka."

"Hata chai?"

"Hata maji."

Ikaacha kuvuma. "Basi nisindikize."

Nikaisindikiza mpaka mlango wa duka, ambao ulikuwa mlango wa nyumbani kwangu. Pale ikachomoa stata yake ubavuni, kile kidude kidogo cheupe kinachoiamsha. "Shika. Mimi najijua, mkiniita nitarudi." Nikakifunga kwenye pindo la kanga. Kugeuka nyuma, zile arobaini hazipo. Kuna mwanga wa dirishani, na Nyamizi anachezesha vidole vya miguu, kimoja kimoja, kama anayevikagua.

Nilipoamka jua lilikuwa limeshatoka. Sijanawa hata uso, Mama Kashindye huyo, kaja kumwona mgonjwa. Mkono wake ukaenda moja kwa moja kwenye swichi. Akabonyeza mara mbili.

"We Mama Nyamizi, mbona mnakaa gizani kama popo?"

Nikasema, "Keti hapa mlangoni, jirani. Mwanga unatosha. Akijisikia atatoka mwenyewe."

Alikaa, amenuna kidogo. Baadaye Nyamizi akatoka, anashika ukuta, kofia ameiacha kitandani. "Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu." Akageukia kwangu, akanong'ona, "Kwani taa imeungua?"

"Imeondoka."

"Imeondoka? Kwenda wapi?"

Nilitaka kucheka, nikashika pindo la kanga nifute macho. Lilikuwa na fundo. Nikalifungua mapajani, mbele yake. Stata ilikuwemo, bado ina joto.