Moto Uliogeuka Mviringo

Rosette alikuwa amefundisha fizikia mjini Baraka kwa miaka kumi bila kupigiwa makofi. Leo wanafunzi walimshangilia Claver, mwalimu mpya kutoka Burundi. Aliwasha mshumaa ndani ya chupa pana, akaitia kifuniko, akaifungia simu inayorekodi, akaiachia kutoka juu ya ukuta iangukie godoro. Kwenye video, chupa ilipokuwa hewani, moto uliochongoka uligeuka mviringo, mdogo, wa buluu.

"Kitu kikianguka, ni kama hakina uzito," Claver alieleza. "Hewa ya moto haipandi tena kuuchonga moto."

"Ni upepo," Rosette alidakia kwa wivu.

"Madame, chupa iko na kifuniko," mwanafunzi mmoja akajibu.

Darasa likacheka. Wanafunzi walipotoka, Rosette alimwambia Claver, "Nilijua ile sababu, si upepo. Sikuwaonyeshaka batoto hata siku moja."

"Kesho utaiachia we."

Rosette aliipokea chupa, lakini roho bado ilimuuma.