Vidole vya Fundi

Harufu ndiyo iliyonishtua. Nilidhani kitambaa kinaungua, kumbe ni mama. Kiganja chake kimegusa pasi, naye anaendelea kubishana na mteja habari za pindo, hana habari.

"Mama, mkono!"

Akautazama kama mkono wa jirani. "Usimwambie daktari," akasema, kabla hata ya kuutia majini.

Alikuwa fundi cherehani kwa miaka thelathini. Siku ya dripu ya kwanza ya saratani aliniuliza, mimi mwalimu wa biolojia, dawa ile inafanya nini hasa. Nikamweleza kwamba ndani ya kila seli mna kiunzi cha nyuzi na vijibomba, kinachoipa umbo na kubeba mizigo yake. Vijibomba hivyo hujengwa na kubomolewa bila kupumzika; seli ikitaka kugawanyika, hujenga vipya vya kuvutia chembe za urithi pande mbili. Dawa inavigandisha visibomoke, uvimbe ushindwe kuzaana.

"Yaani wameupiga mshono usiofumuka," akasema, akacheka hadi muuguzi akageuka.

Nilicheka naye. Sikumwambia kuwa mishipa ya fahamu nayo ina vijibomba hivyohivyo, vilivyopangana kutoka shingoni hadi vidoleni, na kwamba njia hizo zikiziba, ncha ndizo zinazolala njaa kwanza.

Baada ya kuungua, kliniki, daktari aliuliza, "Vidole vikoje, mama?"

"Vizima kuliko vyako."

Mkono ulikuwa ndani ya mkoba, umefungwa bendeji. Kisha nikasema: "Daktari, hahisi kitu. Ameungua."

Dozi ikapunguzwa ili ganzi isizidi. Mlangoni kwetu mama akanigeukia.

"Nilikuwa radhi kutoa vidole," akasema. "Vyote kumi. Wewe nani kunihesabia?"

Nilikuwa nimeona jikoni akishindwa kufunga vifungo vya blauzi yake mwenyewe, akilia bila sauti, nikadhani namwokoa.

Mwaka uliofuata uvimbe ulirudi. Daktari alinihakikishia kwamba si kwa sababu ya dozi, kwamba ungerudi vyovyote vile. Alinionyesha na karatasi ya utafiti. Kichwa changu kilikubali. Moyo ulikuwa na hesabu zake, na unazo hadi leo.

Miezi yake ya mwisho ganzi ilianza kuachia. Aliketi kitandani akipapasa shuka kwa kidole gumba, akitamba: "Hii pamba. Ile wamechanganya, wezi hao." Siku moja adhuhuri akadai sketi yangu iliyofumuka. Ilimchukua saa nzima kwa mshono wa shibri moja. Sindano ilimponyoka mara nyingi. Kila nilipoinama kuiokota alinikazia macho, nikaketi.

Alipomaliza akanipa niutazame. Mshono ulikuwa umekwenda upogo.

"Umenyooka," nikasema.

"Mwongo wewe," akasema, akakata uzi kwa meno.