Mteremko wa Robo Nyuzi

Injinia wa hospitali alivaa kofia ngumu ya njano isiyo na mkwaruzo hata mmoja. Fundi viatu aliitazama kama anavyotazama viatu vya plastiki wanavyomletea ashone: huruma kidogo, dharau tele.

"Mzee, hii njia ya viti vya magurudumu ilikaguliwa," injinia alisema. "Ikapita."

"Ikapita kwa nani? Mke wangu hakupita."

Kweli hakupita. Mwaka jana kiti chake kilimponyoka muuguzi pale juu mlangoni, kikateremka kama kimetumwa, kikambwaga kwenye nguzo. Nyonga ikavunjika, na kitandani hakutoka tena mpaka walipombeba. Wakubwa wakaleta shada lenye jina la hospitali kubwa kuliko jina la marehemu. Sasa walikuwa wakijenga wodi mpya jirani. Mbao zilishapangwa, na mchana huo wangemwaga zege ya mteremko mwingine kwa vipimo vilevile. Fundi viatu alikuja kuwazuia. Alikuja na kiti cha marehemu, na binti yake anayesomea ualimu wa hesabu.

Binti alivuta futi kamba kwenye mteremko wa zamani. "Kimo, sentimita sabini na tano. Urefu wa chini, mita tatu. Gawanya, tanjenti ya pembe ni robo. Kupata pembe yenyewe tunarudi nyuma: tanjenti kinyume ya robo."

"Hayo tunayajua, dada." Injinia alichomoa kikokotoo mfukoni kama anayechomoa bastola, akabonyeza, akatabasamu. "Haya! Sifuri nukta mbili nne. Hata robo ya nyuzi haifiki, na kanuni inaruhusu nyuzi tano. Hapa ni tambarare, mzee."

"Tambarare," fundi viatu alirudia, taratibu. Yaani mtu amesomeshwa miaka yote hiyo, amesimama kwenye mteremko mguu mmoja umekunjwa asianguke, na bado anauliza mashine.

Binti alichungulia kioo. "Kaka, hicho kimewekwa kwenye radiani, kipimo kingine cha pembe. Kigeuze kisome nyuzi, utapata kumi na nne."

"Hiki ndicho ninachokagulia majengo yote!"

"Ndiyo balaa yenyewe."

"Mwanangu, usibishane na kofia," baba alisema. Alikisukuma kiti hadi juu, akakipangusa kwa kiganja. "Kaa, bosi. Mimi naachia tu. Kama ni tambarare, tutapiga soga hapahapa."

Mafundi waliacha kukoroga zege. Injinia alikitazama kiti, akaitazama nguzo kule chini, akakohoa.

"Nina kikao."

"Kitakungoja. Wewe si ndiye mkubwa?"

Hakukaa. Alikigeuza kikokotoo kisome nyuzi, akabonyeza tena, kisha akawaambia mafundi kwa sauti ya mgonjwa wang'oe mbao, njia irefushwe ifike mita tisa. "Marekebisho madogo," aliongeza.

"Na huu uliomuua mama yake huyu?"

"Huo... tutaangalia bajeti."

Fundi viatu alitema mate kando ya buti safi za injinia. "Angalieni. Kuangalia mnaweza."

Hakusubiri jibu. Alikigeuza kiti ateremke nyumanyuma, visigino vikigandamiza saruji, mikono yote miwili kwenye vishikio. Binti alishika upande mmoja. Kilikuwa kitupu, na bado kiliwavuta.