Nchi Iliyokatazwa Kumaliza Salamu

Katika ufalme wa Shwari watu walisalimiana kama tunavyosalimiana sisi. Ukiulizwa habari za nyumbani, kwanza unajibu njema, hata kama umetoka kuzika. Kisha unavuta pumzi na kusema lililobaki: mtoto anaharisha, ng'ombe amegoma kula. Ukweli wote wa nchi ulikaa katika hilo lililobaki.

Bi Saumba, Mwangalizi wa ufalme, kazi yake ilikuwa kulisikiliza hilo lililobaki. Alipita mashambani, mazizini na majumbani akiunganisha aliyoyasikia, ili maradhi yajulikane kabla hayajabisha hodi. Siku moja akaingia barazani bila kuitwa.

"Mtukufu, matete ya mtoni yamenyauka. Mbuzi wanaokunywa pale wanatupa mimba. Wanaofuata ni sisi. Ufunge mto, watu wachote visimani mpaka mvua ije."

"Matete ni yangu," alisema Waziri wa Mashamba, "na sijalalamika."

"Na mbuzi ni wangu," alidakia Waziri wa Mifugo. "Huyu kaingiaje zizini?"

Waziri wa Afya alicheka. "Watu ndio wangu mimi. Kuna aliyeugua? Hakuna. Bibi huyu anatuchuria tu."

Mfalme alikunja uso. Wageni walikuwa njiani kuja kushuhudia mwanawe akinyweshwa maji ya mto, kama walivyonyweshwa warithi wote wa Shwari.

"Unataka nimtawaze mwanangu kisimani, kama ndoo?"

"Nataka aishi, Mtukufu."

Wakamfunga. Kesho yake ikatoka amri: salamu ziishie kwenye njema, na atakayeongeza neno ni adui wa nchi. Askari wakamwagwa sokoni kutega masikio. Loo, mawaziri walivyopiga makofi! Watu wazima, wenye watoto wao, wanaokunywa mto uleule.

Mwanamfalme akanyweshwa mbele ya umati, na umati ukashuka kunywa naye. Haikuchukua muda vijiji vya bondeni vikapoa. Moshi haukuonekana juu ya mapaa. Ikulu ikaanza kukosa wapishi, kisha wafagizi. Kila alipouliza, Mfalme alijibiwa njema, akalala usingizi wake.

Homa ikapanda hadi chumba cha mrithi. Tabibu wa ikulu aliingia humo, akakaa mno, akatoka akifuta mikono. Mfalme alikuwa amesimama ukumbini, askari wawili nyuma yake.

"Habari za mwanangu?"

"Njema, Mtukufu."

Tabibu akavuta pumzi. Akawatazama wale askari, nao wakamtazama. Akafumba mdomo.

Uso wa Mfalme ulichanua. Aliagiza kijana apikiwe uji mwepesi, utiwe asali, apelekewe ukiwa wa moto. Tabibu akainama kwa heshima, akatokea mlango wa uani kwenda kutafuta sanda.